Stanley Matthews: Kutoka saluti ya Berlin hadi vumbi la Soweto

WANASOKA wengi hukumbukwa kwa wingi wa mabao waliyotia kimiani. Sir Stanley Matthews, winga wa kulia aliyewahangaisha mabeki kwa zaidi ya miaka 30, aliifungia timu ya taifa ya Uingereza mabao 11 pekee katika mechi 54. Hata hivyo, alipoaga dunia Februari 23, 2000 akiwa na umri wa miaka 85, maelfu ya watu walijipanga kandokando ya barabara za Stoke-on-Trent kumsindikiza, na majivu yake yakazikwa chini ya duara la katikati ya uwanja wa klabu ya Stoke City.

Heshima hiyo haikutokana na chenga zake peke yake. Mara mbili maishani mwake gwiji huyu alijikuta chini ya kivuli cha serikali zilizojengwa juu ya ubaguzi wa rangi. Mara ya kwanza alitii amri ya wakubwa wake. Mara ya pili alijiamulia mwenyewe la kufanya.

Matthews alizaliwa Februari 1, 1915 katika mji wa Hanley, eneo lililosifika kwa viwanda vya vyombo vya udongo. Babake, Jack, alikuwa kinyozi mchana na bondia ulingoni, na ndiye aliyemlea katika nidhamu ya mazoezi ya alfajiri. Akiwa na umri wa miaka 15, kijana huyo aliajiriwa na Stoke City kama tarishi wa ofisi. Siku aliyotimiza miaka 17, akatia saini mkataba wa mchezaji wa kulipwa.

Mbinu yake haikuwa na fumbo. Alimkaribia beki taratibu, mpira ukiwa umenata mguuni, akainamisha mwili kana kwamba anakata kuingia ndani, kisha akachomoka kwa kasi kuelekea pembezoni. Mabeki walijua vyema atakachofanya, lakini kujua ni jambo moja na kuzuia ni jingine. Mnamo Septemba 1934, akiwa na miaka 19, aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza mjini Cardiff dhidi ya Wales na kufunga bao katika ushindi wa 4-0.

Mapema mwaka wa 1938 aliomba kuihama Stoke. Wakazi wa mji huo walighadhabika, wakaitisha mkutano wa hadhara uliohudhuriwa na maelfu ya watu kumsihi asiondoke. Akasalia.

Mei 14 mwaka huohuo, Uingereza ilichuana na Ujerumani jijini Berlin mbele ya mashabiki zaidi ya 100,000. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikitafuta kumridhisha Adolf Hitler ili kuepusha vita. Kwa ushauri wa balozi wao, maafisa wa chama cha soka waliwaagiza wachezaji wainue mkono kwa saluti ya Kinazi wakati wa wimbo wa taifa wa wenyeji. Wachezaji hawakupendezwa, lakini wakainua. Matthews alikuwa miongoni mwao. Uingereza ilishinda 6-3 naye akafunga bao moja, ila kilichobaki katika kumbukumbu za dunia si matokeo bali picha ya mikono ile. Miezi 16 baadaye, mataifa hayo mawili yalikuwa vitani.

Vita vilimnyang'anya miaka sita ya ujana wake, aliyoitumikia katika Jeshi la Wanahewa, kituo chake kikiwa karibu na mji wa Blackpool. Mnamo 1947, akiwa na umri wa miaka 32, umri ambao wengi wao huanza kutundika daluga, klabu ya Blackpool ilimnunua kwa pauni 11,500. Enzi hizo mishahara ya wachezaji iliwekewa kikomo, na hata kilipofutwa mwaka wa 1961 kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Watu walifurika viwanjani kumtazama, lakini pesa za langoni hazikuwa zake.

Blackpool ilipoteza fainali za Kombe la FA mwaka wa 1948 na 1951. Mei 2, 1953, ilirejea Wembley kupambana na Bolton Wanderers. Zikiwa zimesalia takriban dakika 20, ilikuwa nyuma kwa mabao 3-1. Hapo ndipo Matthews, aliyekuwa na miaka 38, alipoanza kuuchana upande wa kushoto wa ngome ya Bolton. Stan Mortensen alikamilisha mabao yake matatu, na katika dakika za mwisho Matthews akammegea krosi Bill Perry, mzaliwa wa Johannesburg, aliyefunga bao la ushindi wa 4-3. Ingawa Mortensen ndiye aliyefunga mabao matatu, hadi leo mechi hiyo huitwa fainali ya Matthews.

Mnamo 1956 alikuwa mtu wa kwanza kutwaa tuzo ya Ballon d'Or, akimpiku Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid. Aliichezea Uingereza mara ya mwisho Mei 1957 akiwa na miaka 42. Mwezi huohuo alizuru Ghana, iliyokuwa imejinyakulia uhuru Machi, na kuvalia jezi ya Hearts of Oak kama mchezaji mgeni. Alirejea Stoke mwaka wa 1961 akiwa na miaka 46, akaisaidia kupanda hadi ligi kuu mwaka wa 1963. Alitunukiwa hadhi ya Sir Januari 1965 angali mchezaji, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika soka. Februari 6 mwaka huo alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Katika miaka hiyo yote, hakuwahi kuonyeshwa mlango wa kutokea uwanjani na refa.

Usimamizi haukumwendea vyema. Akiwa meneja mkuu wa Port Vale, klabu hiyo ilipatikana na hatia ya kutoa malipo yaliyokiuka kanuni na kufukuzwa ligini mwaka wa 1968, ingawa ilirejeshwa papo hapo.

Ndipo tunapofika Soweto. Afrika Kusini ilikuwa imesimamishwa na FIFA kwa sababu ya sera zake za ubaguzi, na wapo walioshikilia kwamba mgeni yeyote aliyekanyaga huko aliupa utawala ule uso wa heshima. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini Matthews hakwenda kuburudisha watawala. Alikwenda katika mitaa ya Waafrika kuwafunza vijana wa shule, na mwaka wa 1975 akaunda kikosi chao kilichojulikana kama Stan's Men. Kisha akawapeleka Brazili, ziara ambayo timu ya Waafrika weusi kutoka nchi hiyo haikuwa imewahi kuifanya. Wakati huo akiwa na miaka 60, hapakuwa na afisa wa kumwamuru wala mkataba wa kumlazimisha.

Ziara hiyo haikubadili sheria hata moja. Juni 16, 1976, polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana. Hata hivyo, anayempima Matthews kwa picha ya Berlin pekee humpima kwa nusu ya mizani. Mkono ulioinuliwa kwa amri mwaka wa 1938 ndio uliowashika vijana wa Soweto kwa hiari miaka 37 baadaye, na hilo, kama pasi zake nyingi, halikuandikwa kwenye ubao wa mabao.