Maria Montessori: Daktari wa Watoto Waliofichwa

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo wa Italia karibu na Ancona, akiwa mtoto pekee wa Alessandro na Renilde. Baba yake alitamani awe mwalimu, kazi iliyoonekana kumfaa msichana. Yeye alichagua udaktari. Mwaka 1896 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Roma, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada hiyo nchini Italia.

Wengi wetu tunalijua jina lake kutokana na shule za chekechea, ambazo hapa kwetu nyingi zinaendeshwa na masista. Lakini kazi yake ya malezi ilianza kwa watoto ambao hakuna shule iliyotaka kuwapokea.

Akiwa daktari kijana katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, alitembelea hospitali za vichaa mjini Roma. Humo aliwakuta watoto wamefungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa. Wengine hawakuweza kusema, wengine walikuwa na kifafa, wengine walichelewa kukua kiakili. Usonji ulikuwa bado haujaelezwa kama tunavyoujua leo. Daktari Leo Kanner aliuandikia huko Marekani mwaka 1943. Basi watoto wote hao walitiwa kapu moja, wakahesabiwa kuwa hawafundishiki. Inasimuliwa kwamba mlinzi mmoja aliwalaumu kwa ulafi, kwa kuwa baada ya kula walitambaa sakafuni kuokota makombo. Maria alitazama chumba kile akaona hakina kitu chochote cha kushika. Watoto wale walikuwa na njaa ya kutumia mikono yao.

Hapo akaanza kutafuta. Alisoma maandishi ya madaktari wawili Wafaransa: Jean Itard, aliyejaribu kumfundisha mvulana aliyeokotwa katika misitu ya Aveyron, na Édouard Séguin, aliyewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa kupitia milango ya fahamu. Alinakili vitabu vyao kwa mkono wake mwenyewe ili apate kutafakari kila neno. Akafikia uamuzi kwamba watoto hawa wanahitaji malezi kuliko dawa, na mwaka 1898 alitangaza hivyo mbele ya mkutano wa waalimu huko Turin.

Mwaka 1900 shule ya kuwaandaa walimu wa watoto wa aina hiyo ilifunguliwa Roma, naye akaiongoza pamoja na daktari Giuseppe Montesano. Alishinda na watoto mchana kutwa, na usiku aliandika aliyoyaona na kuyapima. Aliwapa herufi za mbao wazipapase kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Baadhi yao walijifunza kusoma na kuandika, wakafaulu mtihani uleule wa watoto wa shule za kawaida. Watu walistaajabu na kumsifu. Yeye alijiuliza swali jingine: shule zile zinawafanyia nini watoto wazima, hata walingane na hawa?

Katika miaka hiyohiyo alibeba msalaba wake wa siri. Mwaka 1898 alimzaa Mario, mtoto wake na Montesano, nje ya ndoa. Kwa kuogopa aibu ya nyakati zile, mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Montesano akaoa mwanamke mwingine, na mwaka 1901 Maria akaiacha shule. Mwanamke aliyewatoa hadharani watoto waliofichwa, wa kwake mwenyewe alikuwa amefichwa. Mario alikuja kuishi naye akiwa kijana, na kwa miaka mingi aliitwa mpwa wake mbele za watu. Hata hivyo alimpenda mama yake, akawa msaidizi wake mkuu hadi mwisho.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Epifania, Maria alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Vifaa alivyovitumia kwa watoto wenye ulemavu aliwapa sasa watoto wa vibarua, nao wakachanua. Kutoka hapo njia yake ilienea duniani. Kumbe wale waliodhaniwa hawafundishiki ndio waliowafungulia mlango wenzao wote.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo.

Ndugu mseminari, mpendwa mwanaparokia, maisha haya yanatugusa. Hata leo wapo watoto wanaofungiwa ndani Jumapili ili majirani wasiwaone, na wapo wazazi wanaoambiwa kuwa wamelogwa au wamelaaniwa. Mtoto anayechelewa kusema apelekwe mapema hospitalini akapimwe masikio na ukuaji wake, kwa maana maombi hayazuii tiba. Na akija kanisani akapiga kelele wakati wa mahubiri, asitolewe nje. Mama yake asogezewe nafasi katika benchi, na padre aendelee kuhubiri.