Daktari Philip Jaisohn, Kiongozi wa Wakorea Ugenini

Katika toleo hili tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya Daktari Philip Jaisohn, mtaalamu wa utabibu aliyewaongoza Wakorea wenzake katika nchi ya ugeni. Wako viongozi waliopigana kwa silaha. Huyu, baada ya kushindwa kwa silaha katika ujana wake, alipigana kwa kalamu, kwa mikutano, na kwa fedha zake mwenyewe mpaka zikamwishia.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Seo Jae-pil. Alizaliwa mwaka wa 1864 huko Boseong, kusini mwa Korea, katika ukoo wa heshima. Akiwa kijana wa miaka 18 alishinda mtihani mkubwa wa serikali, kisha akaenda Japani kusomea uaskari. Mwezi wa Desemba 1884 yeye na wenzake waliipindua serikali, maana walitaka nchi yao ibadilike upesi. Utawala wao ulidumu siku tatu tu. Majeshi ya China yaliwashinda, nao wakakimbilia Japani. Adhabu ikawaangukia waliobaki nyumbani: wazazi wake, mkewe na mtoto wake mdogo, wote walipoteza maisha.

Mwaka wa 1885 alifika San Francisco, hana fedha wala hajui Kiingereza. Mtoto huyu wa wakubwa alikubali kazi ya kutembea mitaani akibandika matangazo ya duka. Baadaye tajiri mmoja wa Pennsylvania, Bwana John Welles Hollenback, alimsaidia kuingia shule katika mji wa Wilkes-Barre. Kisha akaenda Washington, akapata kazi katika maktaba ya madaktari wa jeshi. Mchana alifanya kazi juu ya vitabu vya utabibu vya Kichina na Kijapani, na usiku alisoma udaktari. Mwaka wa 1890 akawa raia wa Marekani, na mwaka wa 1892 akapata shahada yake ya udaktari. Katika mambo yote mawili alikuwa Mkorea wa kwanza.

Wakati huo alikuwa amekwisha badili jina. Alilipindua jina lake la Kikorea, la mwisho likawa la kwanza, akaliandika kwa namna ya Kiingereza. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini huyu, ingawa aligeuza jina na uraia, asili yake hakuiacha.

Mwishoni mwa mwaka wa 1895 alirudi Korea. Tarehe 7 Aprili 1896 alitoa gazeti lililoandikwa kwa herufi za Kikorea peke yake, bila zile za Kichina zilizojulikana na wasomi tu, ili watu wa kawaida na wanawake nao waweze kusoma. Mwaka ule ule alisaidia kuanzisha Chama cha Uhuru, ambamo wanachama walijifunza kujadiliana kwa utaratibu, kila mtu kwa zamu yake. Mambo hayo hayakuwapendeza wakubwa wa serikali, na mwaka wa 1898 ilimbidi kurudi Marekani.

Huko Philadelphia alifungua biashara ya uchapaji na vifaa vya kuandikia, nayo ikastawi. Angeweza kukaa kwa raha. Lakini mwaka wa 1910 Japani iliitwaa Korea, na tarehe 1 Machi 1919 watu wa Korea walitoka barabarani kudai uhuru, wakapigwa na kufungwa. Basi Daktari Jaisohn akawaita Wakorea waliokuwa Marekani wakutane Philadelphia kuanzia tarehe 14 mpaka 16 Aprili. Wengine walikuwa wanafunzi, wengine wachungaji na wafanyaji biashara. Yeye ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Siku ya mwisho wote waliandamana mpaka jumba ambamo Wamarekani walitangazia uhuru wao mwaka wa 1776.

Mikutano ya namna hii mara nyingi huisha kwa makofi, na kesho yake kila mtu hurudi kwake. Daktari Jaisohn hakuliachia jambo hapo. Alifungua ofisi ya kueneza habari za Korea, akachapa gazeti la kila mwezi, na kusaidia kuunda vyama vya Wamarekani marafiki wa Korea katika miji mbalimbali. Michango ya wenzake haikutosha, maana wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba. Pengo lile alilijaza kwa mali yake, na muda wa biashara akautumia kwa kazi ya chama. Baada ya miaka michache biashara ikafilisika.

Hapo ndipo elimu ilipomfaa. Akiwa na miaka zaidi ya 60, alirudi chuo kikuu cha Pennsylvania kuuhuisha udaktari wake, akakaa darasani na vijana. Kisha akafanya kazi hospitalini na kuandika habari za uchunguzi wake katika majarida ya utabibu.

Mwaka wa 1947, Japani ikiwa imekwisha kushindwa vitani, aliitwa Seoul kuwa mshauri wa utawala wa jeshi la Marekani. Watu wengi walimwomba agombee urais. Alikataa, na mwaka wa 1948 akarudi Pennsylvania. Alifariki tarehe 5 Januari 1951, nchi yake ikiwa vitani. Mwaka wa 1994 mabaki yake yalipelekwa Korea kwa heshima.

Mwaka wa 1971 wanasayansi na wahandisi wa Kikorea walioko Marekani waliunda chama chao wenyewe. Wao walikuta njia imekwisha kukanyagwa.

Wanafunzi wenzangu, katika shule yetu vyama ni vingi, na kila mwaka tunagombea uenyekiti. Kabla hatujanyosha mkono, na tujiulize tuko tayari kutoa nini. Kutoa ni moyo, si utajiri.