MWANA FATUMA, MALKIA WA UNGUJA



Katika miaka yangu ya kufundisha historia, wanafunzi wengi walidhani kwamba habari za wanawake waliotawala ni za mbali tu, za Misri ya kale au za Uingereza. Sivyo. Pwani yetu nayo ilitawaliwa na malkia, na leo napenda niwasimulie habari za mmoja wao, Mwana Fatuma wa Unguja, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 17.

Inasemekana kwamba nyumba yake ilikuwa pale Forodhani, mahali ambapo Seyyid Barghash alikuja kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Siku zile Unguja haikuwa mji mkubwa. Nyumba za wakubwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Sisi watu wa Delta ya Rufiji twazijua boriti hizo, maana kwa karne nyingi zimekatwa huku kwetu na kupelekwa Unguja na hata Arabuni. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Walikula mtama, wali, nazi na samaki, na walisafiri kwa mitepe, yaani vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Watumwa pia walikuwako, wala tusilifiche jambo hilo.

Wakati huo Wareno walikuwa wakitoza kodi pwani nzima. Walikuwa wameichoma Mombasa zaidi ya mara moja. Mwaka 1652 malkia aliyetangulia, Mwana Mwema, aliwaita Waarabu wa Oman wamsaidie kuwaondoa. Wareno wakalipiza kisasi, naye akafukuzwa kisiwani.

Basi Mwana Fatuma alipokuja kutawala, alilijua vizuri somo hilo. Aliolewa na Abdallah, mfalme wa Utondwe, pwani ya Bara karibu na Saadani, naye akafuata njia nyingine: alishika urafiki na Wareno.

Urafiki huo ulipimwa mwezi wa Machi mwaka 1696, Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa. Ndani ya ngome walikuwamo Wareno wachache, pamoja na Waswahili wengi, wanaume, wanawake na watoto. Njaa ikawaingia, kisha tauni. Mwana Fatuma, ingawa alikuwa Mwislamu kama wale waliokuwa nje ya ngome, aliwapelekea chakula waliokuwa ndani. Alijua hatari yake. Mzingiro uliendelea karibu miaka mitatu, na ngome ikaanguka mwezi wa Desemba mwaka 1698.

Waomani wakaiteka na Unguja. Malkia akachukuliwa mateka mpaka Maskati, akakaa huko yapata miaka kumi. Mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, hatua chache kutoka nyumba yake, wakajenga Ngome Kongwe. Wataalamu wengi husema kwamba hata neno gereza limetoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Yapata mwaka 1709 aliruhusiwa kurudi nyumbani, na baadaye mwanawe Hassan alitawala baada yake, chini ya mkono wa Oman.

Ndugu wasomaji, tumhukumuje mama huyu? Wako wanaomlaumu kwa kuwa upande wa wageni waliowatesa watu wa pwani, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini tukumbuke kwamba malkia mmoja aliwaita Waomani akafukuzwa, na mwingine akawasaidia Wareno akafungwa. Kisiwa kidogo kilichokuwa kati ya wakubwa wawili hakikuwa na njia isiyo na gharama.

Mimi namkumbuka zaidi kwa kile chakula. Ni rahisi kumtambua rafiki wakati ghala limejaa. Mwana Fatuma aliwatambua rafiki zake wakati wa njaa, akaulipia utambuzi huo kwa miaka kumi ya ugeni. Hapa Kibiti, mto unapofurika na kuchukua mpunga wa jirani, nasi huulizwa swali lile lile.