Leo Kanner: Daktari aliyepata funzo shambani Mississippi

LEO Kanner, ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na historia ya usonji, alizaliwa mwaka wa 1894 katika familia ya Kiyahudi kijijini Klekotow, eneo lililokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary na ambalo leo limo nchini Ukraine. Alihitimu udaktari jijini Berlin mnamo 1921, masomo yake yakiwa yamekatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka wa 1924 alihamia Marekani na kuajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Yankton, South Dakota. Baadaye alijiunga na Johns Hopkins, Baltimore, ambako mnamo 1930 alianzisha kliniki ya akili za watoto. Hakuwa mtu wa kunyamazia dhuluma. Mnamo 1937 alifichua jinsi wasichana zaidi ya 100 wenye ulemavu wa akili walivyotolewa katika taasisi ya serikali kupitia mahakama, ili wakawe watumishi katika nyumba za matajiri.

Mwaka uliofuata aliletewa mvulana wa miaka mitano, Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Babake, aliyekuwa wakili, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33 kueleza hali ya mwanawe. Mtoto huyo alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, lakini watu waliingia na kutoka chumbani bila yeye kujali. Mnamo 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11 wa aina hiyo, akasema walizaliwa bila uwezo wa kawaida wa kujenga uhusiano wa karibu na wenzao.

Hata hivyo, Kanner huyo huyo aliwaeleza wazazi wa watoto hao kuwa watu baridi wasio na mapenzi. Maneno hayo yalisambaa, na kwa miaka mingi akina mama walibebeshwa lawama isiyokuwa yao. Ilikuwa hadi 1969 ambapo alisimama mbele ya mkutano wa wazazi nchini humo na kuwaondolea hatia hadharani. Alikuwa amechelewa mno.

Lakini labda jambo kubwa zaidi aliloliandika halikutoka kliniki. Mnamo 1942 Donald alipelekwa kuishi na mkulima na mkewe, watu wasio na mtoto. Kanner alipowatembelea mwaka wa 1945 alistaajabu. Mvulana alipenda mno kupima vitu, basi wakamwachia achimbe kisima na kuwaeleza kina chake. Alihesabu kila kitu, basi wakampa mistari ya mahindi ahesabu huku akilima kwa farasi. Alipoanza kukusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa kuwazika. Hawakumkataza mazoea yake. Waliyageuza kuwa kazi yenye manufaa kwa nyumba nzima.

Mwaka wa 1971, Kanner alifuatilia maisha ya watoto wale 11. Waliofungiwa katika hospitali za serikali walikuwa wamedidimia. Donald, kwa upande wake, alikuwa amepata shahada, akifanya kazi benki, na aliwahi kuwa rais wa klabu ya watu wanaojitolea kuhudumia jamii mjini mwao.

Tafiti za baadaye ziliupa ushahidi huo uzito. Moja iliyochapishwa mnamo 2008 ilionyesha kuwa watoto wadogo wenye usonji humsaidia mtu mzima aliyeshindwa kukifikia kitu, ingawa michezo ya kushirikiana huwawia vigumu zaidi. Nia ya kusaidia imo. Kinachotofautiana ni njia ya kuikaribia jamii.

Kanner alifariki mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 86. Donald aliendelea kuishi Forest, katika nyumba ya wazazi wake, hadi alipofariki mnamo 2023 akiwa na miaka 89.