Larbi Benbarek: Straika wa Casablanca Aliyetikisa Majuu Kabla ya Pelé, Kisha Akafa Peke Yake

Kama ulikuwa Kasarani Agosti 2025, unakumbuka vile Harambee Stars waliinyorosha Morocco 1-0 kwenye CHAN. Nairobi haikulala. Lakini wiki tatu baadaye Wamorocco walirudi uwanja uleule, wakaichapa Madagascar 3-2 kwenye fainali na kwenda na kombe.

Sasa, kabla ya hao vijana, kabla ya Hakimi, na hata kabla Morocco haijapata uhuru, kulikuwa na msee mmoja wa Casablanca ambaye klabu za Ulaya zilimng'ang'ania kama mtumba kamera siku ya kufungua bale Gikomba. Anaitwa Larbi Benbarek. Wengi wetu hatujawahi kumsikia, na hapo ndipo stori iko.

Larbi alizaliwa Casablanca wakati Morocco ilikuwa chini ya Wafaransa. Karatasi zingine zinasema ni 1914, zingine 1917. Hiyo tofauti ya miaka mitatu iweke akilini, tutairudia.

Alianza na klabu ndogo ya pale mtaani, Ideal Club, kisha akachukuliwa na US Marocaine, moja ya timu kubwa za Casablanca. Alikuwa anacheza mshambuliaji wa ndani, ile nafasi ambayo leo ungesema ni namba 10 anayefunga. Alikuwa na chenga, alikuwa na pasi, na mbele ya goli hakuwa na huruma. Stori zake zikavuka bahari, na mwaka wa 1938 Olympique de Marseille wakamchukua.

Msimu wake wa kwanza tu majuu, Marseille walimaliza namba mbili kwenye ligi ya Ufaransa. Na hata kabla huo msimu haujaisha, timu ya taifa ya Ufaransa ilikuwa imeshamuita. Si kwamba aliikataa Morocco. Morocco haikuwa na timu ya taifa ya kukataa. Mtoto wa koloni alikuwa na jezi moja tu ya kuvaa, na ilikuwa ya mkoloni.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Desemba 1938, mjini Naples, dhidi ya Italia. Hebu piga picha. Italia ndio mabingwa wa dunia. Mussolini ndiye bosi, na mwaka huohuo serikali yake ilikuwa imeanza kutoa sheria za ubaguzi wa rangi. Halafu anatokea mwanaume mweusi kutoka Afrika kwenye nyasi zao. Uwanja ulimzomea vibaya. Ufaransa ililala 1-0, lakini Larbi hakutishika. Aliendelea kuitwa.

Halafu Septemba 1939 vita vikalipuka.

Ukijua ball unajua straika ana miaka michache ya moto. Mguu bado ni mwepesi na akili tayari imekomaa. Miaka hiyo ya Benbarek ilimezwa na Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi Casablanca, akaendelea kuisakatia US Marocaine, huku mechi za kimataifa zikikauka. Wengine wangetundika njumu hapo.

Vita vilipoisha 1945, alitua Paris kuchezea Stade Français. Kocha alikuwa Helenio Herrera, mzaliwa wa Argentina aliyelelewa palepale Casablanca. Timu ilikuwa ligi ya pili, na mwaka uliofuata ikapanda daraja. Huyo Herrera ndiye baadaye alikuja kuifanya Inter Milan iogopwe Ulaya nzima, kwa hivyo alijua kipaji akikiona.

Mwaka wa 1948, Atlético Madrid wakatoa mkwanja wakambeba. Mwaka uliofuata Herrera naye akatua Madrid, na hapo moto ukawaka. Safu yao ya mbele ilikuwa Juncosa, Benbarek, Pérez-Payá, Carlsson na Escudero. Wahispania waliiita Safu ya Kioo. Atlético walibeba ligi ya Uhispania msimu wa 1949-50, wakarudia 1950-51. Tangu hapo, Atlético hawajawahi kubeba ligi mara mbili mfululizo tena. Simeone amejaribu, wapi. Mara ya mwisho ilifanyika mtoto wa Casablanca akiwa mbele.

Jina lake la utani lilikuwa Lulu Nyeusi. Pelé pia alikuja kuitwa hivyo, lakini wakati Benbarek anabeba mataji Madrid, Pelé alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi huko Brazil.

Umri ukaanza kubisha hodi. Mwaka wa 1953 alirudi Marseille, na 1954 wakafika fainali ya kombe la Ufaransa, wakachapwa 2-1 na Nice. Timu ya taifa nayo ilikuwa imeacha kumuita miaka mingi. Kwa macho ya wakubwa wa soka, mzee alikuwa amemaliza.

Septemba 1954, tetemeko la ardhi likaangusha mji wa Orléansville nchini Algeria na kuua zaidi ya watu 1,000. Ikapangwa mechi ya kuchangia waathiriwa: timu ya taifa ya Ufaransa dhidi ya kikosi cha wachezaji wa Afrika Kaskazini. Siku ni 7 Oktoba, uwanja ni Parc des Princes, Paris. Benbarek alikuwa upande wa Waafrika.

Siku hiyo koloni lilimchapa mkoloni 3-2, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Mzee waliyemsahau alicheza mpaka wakaona aibu. Siku tisa baadaye, tarehe 16 Oktoba, alikuwa amerudishwa kwenye jezi ya Ufaransa, Hannover, dhidi ya Ujerumani Magharibi waliokuwa wametoka kubeba Kombe la Dunia. Alitoka na jeraha kabla ya mapumziko. Ufaransa ilishinda 3-1. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho kwa Ufaransa.

Sasa ile hesabu ya umri. Siku hiyo alikuwa na miaka 37, au 40, inategemea unaamini karatasi gani. Kutoka Naples hadi Hannover ni miaka 15 na miezi 10, na hadi leo hakuna mchezaji amedumu na jezi ya Ufaransa muda mrefu hivyo. Lakini ndani ya huo muda wote, alicheza mechi 17 tu. Vita vilikula chake, na waliokuwa wanapanga kikosi wakala chao.

Baadaye alicheza Algeria, kisha akarudi nyumbani. Morocco ilipata uhuru 1956, na mwaka uliofuata, ilipounda timu yake ya taifa, Benbarek alikuwa kocha wake wa kwanza. Jezi ambayo angeivaa kama straika ilifika wakati miguu ilikuwa imechoka, kwa hivyo aliwavisha wengine.

Halafu kimya. Makofi ya Madrid hayakulipa kodi ya nyumba Casablanca. Miaka ikapita, kizazi kipya kikaja na mastaa wake, na Lulu Nyeusi akawa mzee tu mwingine wa mtaa. Septemba 1992 alipatikana nyumbani kwake akiwa amefariki. Alikuwa anaishi peke yake, na siku kadhaa zilikuwa zimepita kabla mtu yeyote kujua.

Heshima zilikuja baadaye. FIFA ilimpa nishani yake ya juu mwaka wa 1998, miaka sita akiwa kaburini. Casablanca kuna uwanja wenye jina lake.

Tarehe 14 Desemba 2022, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar, Ufaransa ilikutana na Morocco na kushinda 2-0. Moja ni timu aliyoichezea kwa karibu miaka 16. Nyingine ni timu aliyoianzisha. Hakuna mtu uwanjani usiku huo alikuwa na haki kuliko yeye ya kushangilia pande zote mbili.

Kama mtaani kwenu kuna mzee aliyewahi kuisakata ligi kuu, na kila mtu humpita tu pale kwa kibanda, mpitie leo. Mnunulie chai na mandazi, umuulize alikuwa anavaa jezi namba ngapi. Usingoje uwanja upewe jina lake.