Mtakatifu Augustino na Muumba wa Vitu Vyote

Kila tunaposimama kanisani kuikiri Imani, jambo mojawapo la kwanza tunalolisema juu ya Mungu ni kwamba ndiye aliyeumba mbingu na nchi. Wengi wetu hulipita upesi, kwa kuwa tumelizoea tangu utoto. Lakini yuko Mwafrika mmoja ambaye alihangaika zaidi ya miaka kumi kabla ya kulikubali. Huyo ni Augustino, Askofu wa Hippo, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 28 Agosti.

Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo umo katika nchi ya Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye bidii ya sala. Baba yake, Patrisi, alibatizwa karibu na kufa kwake. Kijana alikuwa na akili nyingi, akapelekwa kusoma Karthago. Huko akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 19 alijiunga na wafuasi wa Mani. Watu hao walifundisha kwamba tangu mwanzo zilikuwako enzi mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba mwili na udongo ni gereza ambamo nuru imefungwa. Agano la Kale walilikataa. Wateule wao hawakulima wala kuchuma hata tunda; wanafunzi wao, ambao Augustino alikuwa mmoja wao, ndio waliowahudumia kwa chakula. Fundisho hilo lilimvuta, kwa sababu lilimpa jibu rahisi juu ya asili ya ubaya: mtu akitenda dhambi, si yeye, bali ni lile giza lililo ndani yake.

Alikaa nao kama miaka 9. Kilichoanza kumtikisa ni hesabu za nyota. Mani alikuwa ameandika mengi juu ya jua na mwezi, naye Augustino alikuwa amesoma vitabu vya wataalamu walioweza kutabiri siku ya kupatwa kwa jua, na ikawa kama walivyosema. Mambo hayo mawili hayakupatana. Akaambiwa amngoje Fausto, mwalimu wao mkuu. Fausto alipofika Karthago alionekana mtu mpole, mwenye maneno matamu, lakini jibu hakuwa nalo. Augustino akaona kwamba mtu aliyekosea katika mambo yanayoweza kupimwa ni vigumu kumwamini katika yale yasiyopimika.

Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma kufundisha, na huko wanafunzi walikuwa na tabia ya kumkimbia mwalimu siku ya kulipa ada. Mwaka uliofuata akapata kazi Milan. Huko alimsikia Askofu Ambrosi akiyafafanua maandiko ya kale, na yale yaliyomkwaza yakaanza kufunguka. Akatambua kwamba Mungu ni mmoja, kwamba vyote alivyoviumba ni vyema, na kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema. Basi dhambi yake haikuwa na mwenyewe mwingine. Akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na mwanawe.

Alirudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 watu wa Hippo walimshika kanisani ili awe kasisi wao, na miaka michache baadaye akawa askofu. Katika kazi zake nyingi alikirudia tena na tena kitabu cha Mwanzo. Mara ya kwanza aliandika kuwajibu wafuasi wa Mani. Mara ya pili akaacha katikati. Mara ya tatu katika kitabu cha Maungamo. Na mara ya nne katika vitabu 12 vilivyomchukua kama miaka 15. Hata hapo alikiri kwamba ameuliza mengi kuliko aliyoyapata. Kwamba Mungu ndiye Muumba wa vyote bila kutumia kitu kilichokuwako, hapo hakusogea hata kidogo. Lakini zile siku sita zilikuwaje, hapo alikwenda taratibu, akawaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na dunia mbele ya watu wanaozijua, wasije wakaifanya Injili ichekwe. Lile kosa la Mani hakutaka kuliona ndani ya Kanisa.

Hapa nasi tuna la kuungama. Tulipokuwa tumetoka tu chuo cha ualimu, tukijiona na hakika ya kila jambo, mtoto mmoja alituuliza siku tatu za kwanza zilihesabiwaje ikiwa jua liliumbwa siku ya nne. Tulimwambia aketi, asimjaribu Mungu. Aliketi, wala hakuuliza tena. Miaka mingi baadaye tulipomsoma Augustino, tulikuta swali lile lile, limeulizwa na askofu kwa unyenyekevu na bila hofu. Tuliona haya.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Kitandani aliomba Zaburi za toba zibandikwe ukutani, azisome akilia. Nje mashamba yaliharibiwa na makanisa kuchomwa, lakini hakurudi kusema kwamba dunia ni ya giza.

Basi mtoto akirudi kutoka shuleni na swali juu ya nyota au juu ya umri wa mawe, tusimnyamazishe. Tuketi naye. Tumwambie bila kusita ni nani aliyeviumba, na yale tusiyoyajua tukubali kujifunza pamoja naye. Mungu atujalie unyenyekevu huo. Amina.