Daktari Aliyewauliza Akina Mama: Maisha ya Cicely Williams

Wanafunzi wenzangu, ni nani kati yetu asiyeikumbuka ile picha ya kwashiakoo katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi? Mtoto tumbo limemvimba, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi. Tulikariri dalili ili tupite mtihani, basi. Lakini neno lenyewe limetoka wapi? Si Kiingereza wala Kilatini. Ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra, na aliyelitia katika vitabu vya udaktari ni Bi. Cicely Williams.

Bibi huyu alizaliwa Jamaica mwaka wa 1893. Alisomea udaktari Oxford, akipata nafasi kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameenda Vita Vikuu vya Kwanza. Alifuzu mwaka wa 1923, kumbe vita vimekwisha, wanaume wamerudi, na kazi kwa daktari mwanamke ni za kutafuta kwa tochi! Alihangaika mpaka 1929, serikali ya kikoloni ilipompeleka Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa madaktari wanaume.

Huko Accra mambo yalikuwa mazito. Watoto wadogo walioachishwa ziwa waliletwa hospitalini wamevimba, ngozi inabambuka, na wengi walikufa. Sasa tazama alivyofanya. Badala ya kujifungia na vitabu vyake, aliwauliza wenyeji ugonjwa huu wanauitaje. Wakamwambia kwashiakoo, yaani ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Ama kweli, nusu ya jibu ilikuwa ndani ya jina! Mtoto yule alikuwa akilishwa uji wa mahindi matupu, bila chakula cha kujenga mwili. Daktari aliandika habari hizo mwaka wa 1933, na tena 1935, mara hii akilitumia jina la Kiga. Mabingwa fulani Uingereza walimbishia wakidai ni pelagra. Yeye alikuwa amewaona watoto. Wao walikuwa mbali.

Jambo jingine lilimkera. Mtoto anatibiwa, anapona, anarudi nyumbani kwa uji ule ule, kisha analetwa tena hali mahututi. Hiyo si kazi, ni kuchota maji kwa pakacha. Kwa hiyo aliwatuma wauguzi majumbani, akaanzisha kliniki za watoto wasio wagonjwa, na kumbukumbu za kila mtoto zikawekwa. Alishikilia kwamba kinga na tiba havifai kutenganishwa. Zile kliniki mama zetu walikotupeleka tukiwa wachanga, tukapimwa uzani na kuchanjwa, zina undugu na fikira hiyo.

Mwaka wa 1936 alihamishiwa Malaya, baada ya kutoelewana na wakubwa wake. Huko alikuta wauzaji wa maziwa matamu ya mkebe wakiwashawishi akina mama waache kunyonyesha, na watoto wanakufa. Mwaka wa 1939, mbele ya waheshimiwa wa Singapore, alitoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji. Hakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema wanaoeneza uongo huo waadhibiwe, na vifo hivyo vihesabiwe kuwa mauaji.

Kisha Wajapani wakaiteka Singapore mwaka wa 1942, naye akatiwa katika gereza la Changi. Wafungwa wanawake walimfanya kiongozi wao. Polisi wa kijeshi walimhoji na kumweka kizuizini kwa miezi kadhaa. Njaa na beriberi zilimharibu miguu, ikawa na ganzi maisha yake yote. Hata hivyo, watoto 20 walizaliwa kambini humo, wakanyonyeshwa na mama zao, na wote 20 wakaishi.

Mwaka wa 1948 Shirika la Afya Duniani lilimweka kuwa mkuu wa kwanza wa idara yake ya afya ya mama na mtoto. Baadaye alirudi Jamaica kuchunguza ugonjwa wa kutapika uliowaua watoto, na akafundisha Beirut pia. Alifariki Oxford mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 98.